Kemikali za ugwe wa mgongo na safari ya maumivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya mtu anayeumwa, anayemuuguza mgonjwa, au mwanafunzi wa biolojia aliyekariri majina ya kemikali bila kujua zinafanya kazi gani. Hautachukua nafasi ya daktari wako. Utakusaidia kuelewa anachokuambia, na pengine kumuuliza swali lililo bora zaidi.

Uti wa mgongo na ugwe wa mgongo ni kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya kila siku, ndiyo. Mtu akisema "uti wa mgongo" huenda anamaanisha mifupa, huenda anamaanisha kilichomo ndani yake. Hapa nitavitenga. Uti ni mnyororo wa pingili za mifupa. Ugwe ni kamba laini ya neva inayopita ndani ya pingili hizo, nene kama kidole cha mwisho cha mkono, yenye urefu wa sentimita 45 hivi kwa mtu mzima. Unaanzia chini ya ubongo na kuishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki mafungu ya neva yanayoning'inia kama singa za mkia wa farasi.

Ukiukata ugwe kama unavyokata muhogo, utaona katikati sehemu ya kijivu yenye umbo la kipepeo. Mabawa yake ya nyuma huitwa pembe za nyuma, na huko ndiko zinakoishia neva zinazoleta habari za maumivu kutoka mikononi, miguuni, tumboni na kifuani (maumivu ya uso yana njia yake, huingilia kwenye shina la ubongo). Mwaka 1952 mtaalamu wa Sweden, Bror Rexed, aliigawa sehemu hiyo ya kijivu katika tabaka 10, na mpaka leo tunatumia mgawanyo wake. Tabaka mbili za nyuma kabisa ndizo zenye shughuli kubwa ya maumivu.

Jambo moja ulishike kabla ya kuendelea, kwa sababu majibu yote yanayofuata yanalitegemea: habari ya maumivu haipiti moja kwa moja kutoka kidoleni hadi kichwani kama umeme kwenye waya mmoja. Inapofika kwenye ugwe inasimama, inakabidhiwa kwa seli nyingine, na katika makabidhiano hayo inaweza kukuzwa, kupunguzwa au kuzuiwa kabisa. Wanaofanya makabidhiano hayo ni kemikali.

Kwa nini nikijikwaa kidole cha mguu naumia mara mbili?

Kwa sababu habari hiyo husafiri kwa njia mbili. Kuna nyuzi za neva zilizovikwa utando wa mafuta, zinazokwenda kati ya mita 5 na 30 kwa sekunde. Hizo huleta ule uchungu mkali wa kwanza unaokufanya uvute mguu. Kisha kuna nyuzi nyembamba zisizo na utando, zinazojikokota kwa mita moja hivi kwa sekunde, wakati mwingine chini ya hapo. Kutoka kidole cha mguu hadi kiunoni ni karibu mita moja, basi sekunde moja baadaye yanafika maumivu ya pili, yale ya kufukuta na kupwita ambayo hukufanya ukae chini na kuushika mguu.

Nyuzi hizo nyembamba ndizo zenye kubeba kemikali za aina nyingi zaidi, na ndizo tutakazozisema sana.

Kemikali hizo zinafanyaje kazi?

Mwisho wa neva moja haugusani na mwanzo wa nyingine. Kati yao kuna upenyo mdogo mno, uitwao sinapsi. Umeme wa neva hauwezi kuruka upenyo huo, kwa hiyo neva hutuma tarishi. Umeme unapofika mwishoni, vijilango vya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, na vifuko vidogo vilivyojaa kemikali hupasukia nje. Kemikali huvuka upenyo na kushika vipokezi kwenye seli ya upande wa pili. Kipokezi kikishikwa, seli hiyo ama huchangamka ama hutulizwa.

Tarishi mkuu wa maumivu ni glutameti. Ni kemikali ya kawaida sana, inatumika karibu kila mahali kwenye ubongo, na huchangamsha kwa haraka na kwa muda mfupi. Maumivu yakiwa makali au yakiendelea, nyuzi nyembamba huongeza matarishi wengine wazito zaidi: dutu P na ile iitwayo CGRP. Hawa hufika taratibu, hukaa muda mrefu na huenea mbali zaidi ya sinapsi moja, hivyo huiacha seli ikiwa macho hata baada ya glutameti kuondoka.

Dutu P ina historia inayostahili kusimuliwa. Mwaka 1931 Ulf von Euler na John Gaddum, wakiwa London, waliitoa kwenye utumbo na ubongo wa farasi. Walichokuwa nacho mkononi kilikuwa unga ambao hawakujua umeundwa na nini, na jina lake likabaki herufi moja tu. Ilipita miaka karibu 40 kabla Susan Leeman na wenzake huko Marekani hawajaonyesha kuwa ni mnyororo mfupi wa asidi amino 11.

Upande wa pili wa mizani wapo wanaotuliza. GABA na glisini hutolewa na seli ndogo zilizomo ndani ya ugwe wenyewe. Enkefalini nayo hutengenezwa humo humo. Na kutoka ubongoni hushuka nyuzi zinazomwaga serotonini na noradrenalini. Kwa kila sekunde ya maisha yako pande hizi mbili zinavutana, na unachokihisi ni matokeo ya mvutano huo.

Ni kweli kuna mnyama Kenya asiyesikia ukali wa pilipili?

Ni kweli, na ni mfano ninaoupenda kuliko yote katika somo hili. Ni fuko asiye na manyoya, anayeishi kwa makundi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Wewe ukipakwa pilipili kwenye mchubuko, kapsaisini iliyomo huamsha neva za maumivu kupitia kipokezi ambacho David Julius alikitambua mwaka 1997, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Fuko huyu naye ana kipokezi hicho, na neva zake huitikia pilipili vizuri kabisa. Ila mnyama mwenyewe hajali. Halambi mguu, hauinui, anaendelea na shughuli zake.

Sababu mojawapo ni kwamba nyuzi nyembamba za ngozi yake hazina dutu P wala CGRP. Mjumbe anafika mlangoni kwenye ugwe lakini mkononi hana barua. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2008, wakiongozwa na Thomas Park wa Chicago, walitumia kirusi kilichodhoofishwa kuingiza mguuni mwa mafuko hao jeni ya kutengenezea dutu P. Baada ya hapo pilipili ikawauma.

Usidhani basi kwamba fuko huyu hana maumivu yoyote. Ukimbana au ukimchoma kwa joto kali anashtuka kama panya mwingine, kwa sababu glutameti anayo.

Kama dutu P ndiyo mkorofi, mbona hatujapewa dawa ya kuizuia?

Dawa ilitengenezwa. Katika wanyama ilitia matumaini makubwa, na miaka ya 1990 ikajaribiwa kwa watu wenye maumivu ya aina mbalimbali. Ikashindwa. Ugwe una matarishi wengi, na ukimfungia mmoja mlango wengine wanaendelea na kazi. Hata hivyo haikupotea bure: dawa ya ukoo huo, aprepitanti, leo inatumika kuzuia kichefuchefu na kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaopata tibakemikali. Na CGRP, mwenzake dutu P, sasa inalengwa na dawa mpya za kipandauso zilizoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2018.

Kusugua mahali nilipogonga kunasaidia kweli, au ni mazoea?

Kunasaidia, na sababu yake iko kwenye ugwe. Neva za mguso wa kawaida ni nene na zina kasi kuliko za maumivu. Unaposugua goti, neva hizo huingia kwenye pembe ile ile ya nyuma na kuziamsha seli ndogo zinazomwaga GABA na glisini. Kemikali hizo huzipoza seli zilizokuwa zikipokea habari za maumivu, na sehemu ya habari hiyo hukwama hapo.

Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza waliandika wazo hili mwaka 1965 na kuliita lango. Baadhi ya vipengele vya mchoro wao vimerekebishwa tangu hapo, lakini lango lenyewe limesimama. Mkunga anayemkanda kiuno mama mwenye uchungu wa kujifungua analifunga lango hilo kwa viganja vyake, na wakunga wa pwani walilifanya hilo kabla maabara yoyote haijaliandika.

Kemikali za kutuliza zikikosekana, nini hutokea?

Mfano wake tunaujua sote kwa jina: pepopunda. Sumu ya vijidudu vya pepopunda hutoka kwenye kidonda, hupanda kupitia neva za misuli hadi kwenye ugwe, na huko huzuia glisini na GABA zisimwagwe. Breki zimekatika. Misuli yote inakaza kwa pamoja, taya zinafunga, mgongo unapinda, na sauti ndogo au mguso mwepesi unatosha kuleta mkazo mpya wenye uchungu mkubwa. Ndiyo maana mgonjwa huwekwa kwenye chumba kimya chenye giza, na ndiyo maana mjamzito huchanjwa ili mtoto wake azaliwe na kinga.

Pepopunda hushambulia zaidi upande wa misuli. Lakini upande wa maumivu unategemea kemikali zile zile. Panya wa maabara wakizibiwa glisini au GABA kwenye ugwe, mguso wa unyoya unawafanya wajikunyate kama waliochomwa sindano. Hakuna jeraha lolote, kilichoondolewa ni kizuizi tu.

Mofini inafanya nini hasa? Na je, akipewa mgonjwa ndiyo dalili kwamba hakuna tena matumaini?

Nianze na la pili, kwa sababu linatesa familia nyingi. Hapana. Mofini hutolewa kwa sababu maumivu ni makali, na maumivu makali yapo kwa mtu aliyevunjika paja, aliyeungua moto, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, na kwa kijana mwenye selimundu aliyezidiwa. Wengi wao hurudi nyumbani kwao na kuendelea na maisha.

Sasa la kwanza. Mwaka 1973 maabara tatu, mbili za Marekani na moja ya Sweden, zilionyesha karibu kwa wakati mmoja kuwa mwili una vipokezi vinavyoshikwa na mofini. Swali likaja lenyewe: mwili ungewekaje kufuli kwa ajili ya utomvu wa ua la mpopi? Lazima una ufunguo wake. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Uskoti, waliupata kwenye ubongo wa nguruwe na kuuita enkefalini. Sisi nasi tunayo, na pembe ya nyuma ya ugwe ni mojawapo ya mahali ilipo kwa wingi.

Enkefalini, na mofini inayoiiga, hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwenye neva inayoleta habari, hufunga vijilango vya kalsiamu, hivyo glutameti na dutu P hazimwagwi. Kwenye seli inayopokea, hufungua njia za potasiamu, na seli inapoa, haichangamki kirahisi. Mwaka 1976 Tony Yaksh na Thomas Rudy walionyesha kwa panya kwamba dawa za jamii hii zikiwekwa kwenye ugwe peke yake zinatosha kuondoa maumivu. Miaka mitatu baadaye zilikuwa zikitumika hivyo kwa binadamu.

Vipokezi hivyo hivyo vipo pia kwenye utumbo, ndiyo sababu ya choo kigumu, na kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, ndiyo sababu dozi hupimwa kwa uangalifu. Uraibu ni hatari ya kweli, hasa kwa anayeitumia bila usimamizi. Lakini kumnyima mofini mgonjwa wa saratani anayelia usiku kucha kwa kuogopa uraibu ni kosa, na nalisema bila kumung'unya maneno. Uganda ilituonyesha njia. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilitumia mofini ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Baadaye sheria za nchi hiyo ziliruhusu wauguzi wenye mafunzo maalumu kuiandika, kwa kuwa vijijini madaktari ni wachache.

Mchezaji anawezaje kumaliza mechi akiwa amevunjika mfupa?

Ubongo una mkono wake kwenye lango. Kutoka katikati ya shina la ubongo hushuka nyuzi mpaka kwenye ugwe, zikimwaga serotonini na noradrenalini na kuamsha seli za enkefalini. Mwaka 1969 David Reynolds alichochea kwa umeme sehemu hiyo ya ubongo wa panya, kisha akampasua tumbo bila dawa ya usingizi, na panya hakuonyesha kuumia. Mpira ukiisha na hatari ikipita, njia hiyo hulegea, na hapo ndipo mchezaji hupiga kelele.

Njia hiyo hiyo hufanya kazi mtu anapoamini kwamba amepewa dawa. Mwaka 1978 watafiti wa California waliwapa watu waliong'olewa magego dawa bandia. Baadhi yao walipata nafuu. Walipopewa naloksoni, inayofunga vipokezi vya mofini, nafuu ile ilififia. Maana yake mwili wao ulikuwa umemwaga dawa yake wenyewe.

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaosahaulika. Ubongo unaweza pia kufungua lango zaidi. Serotonini ikishika vipokezi vya aina fulani kwenye ugwe hutuliza, ikishika vya aina nyingine huchochea. Hofu na kukosa usingizi huelekea kuongeza maumivu, na mtu asiambiwe kwamba anajidekeza.

Nina kisukari na miguu inawaka moto. Mbona nimeandikiwa dawa ya sonona, au ya kifafa?

Hujakosewa. Amitriptilini na duloksetini huzuia serotonini na noradrenalini zisirudishwe haraka kwenye neva zilizozimwaga. Zikikaa muda mrefu kwenye ugwe, zinaongeza nguvu ya ile breki inayoshuka kutoka ubongoni, noradrenalini hasa. Kwa maumivu, dozi ya amitriptilini mara nyingi ni ndogo kuliko ya sonona. Inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, basi usiitupe siku ya nne.

Gabapentini na pregabalini zilianza kama dawa za kifafa. Jina la gabapentini huwapotosha hata wanafunzi wa udaktari. Iliundwa ifanane na GABA, lakini haishiki vipokezi vya GABA. Inashika kipande cha vile vijilango vya kalsiamu kwenye mwisho wa neva, na matarishi wa maumivu wanaomwagwa wanapungua. Huleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo dereva wa bodaboda amwambie daktari kazi yake. Dawa hizi zote usiziache ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Kidonda kimepona, picha hazionyeshi kitu, lakini bado naumwa. Ninaota?

Huoti. Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu, basi niruhusu nilijibu kwa urefu.

Mwaka 1966 Lorne Mendell aliripoti jambo geni. Ukiichochea neva nyembamba ya maumivu mara moja kwa sekunde, kwa nguvu ile ile bila kuongeza, seli ya ugwe huitikia kwa nguvu zaidi kila mara. Mwaka 1983 Clifford Woolf, akiwa London, akaonyesha kuwa baada ya jeraha ugwe wenyewe hubadilika na kubaki katika hali ya ukali, hata habari kutoka kwenye jeraha zinapopungua.

Kinachotokea ni hiki. Glutameti ina vipokezi vya aina kadhaa. Kimojawapo, kiitwacho NMDA, kwa kawaida kimezibwa na chembe ya magnesi kama kizibo cha chupa. Maumivu madogo hayakitoi kizibo. Maumivu makali ya muda mrefu, yakisaidiwa na dutu P, huichangamsha seli mpaka magnesi inasukumwa nje. Kalsiamu humiminika ndani, na seli huanza kujijenga upya: vipokezi vinaongezwa na unyeti unapanda. Ni utaratibu wa jamii ile ile na ule ubongo unaoutumia kujifunza na kukumbuka. Ugwe umejifunza maumivu. Ketamini, ambayo madaktari wa nusukaputi wanaifahamu vizuri, hufanya kazi kwa kuziba njia hiyo ya NMDA, na kwa dozi ndogo hutumika katika baadhi ya maumivu sugu hospitalini.

Neva yenyewe ikiwa imejeruhiwa, linaongezeka jambo la pili. Ndani ya ugwe wanaishi walinzi wadogo, seli za mikroglia. Neva ikiumia wanaamka na kumwaga kemikali zao, na mojawapo huidhoofisha pampu inayosukuma kloridi, chembe za chumvi zenye chaji hasi, nje ya seli za maumivu. GABA na glisini hutuliza kwa kuingiza kloridi. Kama kloridi imeshajaa ndani, mlango ukifunguliwa hakuna kinachoingia, na breki inakanyagwa bila gari kupunguza mwendo. Wakati mwingine hata hugeuka, na kemikali ya kutuliza ikachochea.

Mtu aliyewahi kuugua mkanda wa jeshi ataelewa haraka. Kirusi cha tetekuwanga hujificha miaka mingi kwenye mafundo ya neva yaliyo kando ya uti, kisha kinga ikishuka, kwa uzee au kwa VVU, kinatoka na kufuata mkanda mmoja wa ngozi. Malengelenge hukauka baada ya wiki chache. Kwa baadhi ya watu maumivu hubaki miezi, hata miaka, na kanga ikigusa ubavu ni kama kaa la moto. Ngozi ni nzima. Kilichobadilika ni neva na makabidhiano kwenye ugwe.

Kwa hiyo picha ya mifupa isiyoonyesha kitu haimaanishi hakuna kitu. Kemikali hazionekani kwenye eksirei. Mgonjwa kama huyu akiambiwa anajifanya, au amerogwa, anaongezewa hofu juu ya maumivu, na hofu nayo hushuka mpaka kwenye lango.

Diklofenaki na ibuprofeni zinafika kwenye ugwe?

Zinafanya kazi kubwa kwenye jeraha lenyewe kwa kuzuia prostaglandini, kemikali ambazo mwili hutengeneza mahali palipoumia na ambazo huzifanya neva ziwe kali zaidi. Lakini prostaglandini hutengenezwa pia ndani ya ugwe baada ya jeraha, na huko hudhoofisha breki ya glisini, kwa hiyo sehemu ya nafuu inatoka huko. Kwa maumivu ya neva, kama ya mkanda wa jeshi au ya kisukari, dawa hizi kwa kawaida hazisaidii sana. Kuzimeza miezi mfululizo kunaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Sindano ya mgongo wakati wa upasuaji wa kujifungua inaharibu ugwe?

Sindano huchomwa chini ya mahali ugwe unapoishia, kwenye maji yanayozunguka zile singa za mkia wa farasi. Dawa kuu ya ganzi, bupivakaini, haigusi matarishi. Inazuia umeme wa neva wenyewe, ndiyo maana miguu nayo hufa ganzi. Mara nyingi huongezwa fentanili (dawa ya jamii ya mofini) au mofini yenyewe kidogo sana, na hizo ndizo zinazoshika vipokezi vya enkefalini kwenye ugwe. Sehemu ya kumi ya miligramu ya mofini iliyowekwa hapo huweza kutuliza karibu siku nzima, wakati sindano ya kawaida ya msuli ni miligramu 10 hivi na huisha baada ya saa chache.

Mama anaweza kuwashwa mwili baada ya mofini hiyo. Ni athari inayojulikana, aseme apewe dawa. Wauguzi watahesabu pumzi zake usiku huo, na wanafanya vyema. Baadhi hupata kichwa kuuma wanapokaa au kusimama, kwa sababu maji ya ugwe yamevuja kidogo. Hilo nalo hutibika. Maumivu ya kiuno ya miaka mingi, ambayo wengi huyabebesha sindano, huwapata pia wanawake waliojifungua bila kuchomwa.

Konokono wa baharini ana uhusiano gani na haya yote?

Konokono wa jamii ya konasi huwinda kwa sumu inayofunga neva. Baldomero Olivera, mzaliwa wa Ufilipino, na wenzake waliichambua sumu hiyo kipande kwa kipande. Kutoka kwa konasi mmoja ikapatikana zikonotidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Hufunga vile vijilango vya kalsiamu vya neva za maumivu, na lazima ipelekwe kwenye maji ya ugwe kwa pampu, kwa hiyo ni ghali na ni ya wachache. Ndugu zake wapo Bahari ya Hindi, kwenye miamba yetu pia. Watoto waonywe wasiokote wakiwa hai, wapo wenye sumu ya kuua mtu.

Ninawezaje kuzisaidia kemikali zangu bila dawa?

Mwendo na usingizi. Mazoezi ya wastani huamsha enkefalini na ndugu zake pamoja na njia zinazoshuka kutoka ubongoni. Anza kidogo, hata kutembea mpaka dukani na kurudi, kwa sababu ugwe uliojifunza maumivu hukasirika ukilazimishwa ghafla.

Nimweleze daktari vipi?

Usiseme tu "naumwa". Kiswahili kimekupa maneno, yatumie, kwa maana kila moja linaonyesha njia. Kupwita na kuvimba huelekea kwenye jeraha au uvimbe. Kuwaka, kuchoma kama sindano, kupigwa shoti, kufa ganzi, au kuumizwa na nguo tu, huelekea kwenye neva na ugwe. Mwonyeshe kwa kidole maumivu yanaanzia wapi na yanashukia wapi. Mwambie yalianza lini, usiku yanakuwaje, na dawa zote ulizokwisha kumeza, za duka na za miti shamba.

Na usisubiri siku ya kliniki ukiona maumivu ya mgongo yamekuja pamoja na miguu kulegea, ganzi sehemu za siri na makalioni, au kushindwa kukojoa au kuzuia choo. Hapo huenda neva zenyewe zinabanwa, na saa zinahesabika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.